Msaada: natengeneza databesi ya maeneo ya maikroRNA, majibu yananichanganya

MwanaBio22

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwa yeyote anayejua mambo ya jeni na mambo ya databesi kwa pamoja, maana nikimuuliza wa jeni ananiambia nenda kwa watu wa kompyuta, nikienda kwa watu wa kompyuta wananirudisha kwa wa jeni, nimekuwa kama mpira.

Iko hivi. Nasoma jinsi maikroRNA (zile RNA fupi sana) zinavyodhibiti jeni za binadamu na nataka databesi yangu mwenyewe ya maeneo ambayo hizi maikroRNA zinashika kwenye mRNA (nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini), ili nikiuliza jeni fulani inashikwa na nani na wapi inijibu hapohapo. Kabla hamjaniambia zipo tayari, najua zipo, TargetScan, miRDB na wenzao, hizi databesi za kukisia maeneo hayo, nimezipitia. Shida yangu ni kwamba kwenye seli ninazosoma UTR za 3' (kile kipande cha mwisho cha mRNA kisichotafsiriwa kuwa protini) za jeni nyingi zinakatika mapema, ni fupi kuliko zile wanazotumia wao, kwahiyo naletewa maeneo ambayo kwenye seli zangu hayapo kabisa.

Nilichofanya mpaka sasa: nimeshusha mfuatano wa maikroRNA zote za binadamu kutoka miRBase (hifadhi ya maikroRNA), nikashusha UTR kutoka Ensembl (hifadhi ya genomu), nikaandika kiskripti cha Python kinachukua herufi ya 2 mpaka ya 8 ya kila maikroRNA, kile kipande wanachokiita mbegu, kinakitafuta kwenye UTR zote na kumwaga matokeo kwenye SQLite, ile databesi ndogo ya faili moja. Jaribio langu ni let-7a kwasababu hiyo kila mtu anaijua. Mfuatano wake UGAGGUAGUAGGUUGUAUAGUU, mbegu yake GAGGUAG, nikageuza U kuwa T nikatafuta GAGGTAG. Sasa jeni ya HMGA2 inajulikana ina maeneo 7 ya let-7 kwenye UTR yake, mimi hayo 7 siyaoni. Halafu nikikimbiza maikroRNA zote jedwali linafura mpaka mamilioni ya mistari.

Jedwali lenyewe ni moja tu, lina jina la maikroRNA, jina la jeni, na ndiyo au hapana. Nakosea wapi?

kibonzo_wa_lab

Naweka kiti hapa mbele kabisa. Mpaka sasa nimeelewa "habari zenu" tu.

FundiUzi

Mkuu usijali, hilo la kwanza limetupata wengi tukaona aibu kuuliza, afadhali wewe umeuliza.

MaikroRNA haishiki mfuatano unaofanana nayo, inashika unaopatana nayo, na uzi mmoja unaenda mbele mwingine unarudi nyuma. Kwahiyo ile mbegu lazima uigeuze nyuma-mbele halafu kila herufi uibadilishe na mwenzake, A na T, G na C. GAGGTAG ukiifanyia hivyo unapata CTACCTC. Hiyo ndiyo unatakiwa kutafuta kwenye UTR. Ulichokuwa unatafuta wewe ni let-7 nyingine imelala ndani ya mRNA, ndo maana hukuona kitu.

Sasa usiishie kwenye CTACCTC tu. Kuna daraja. Yenye nguvu kuliko zote ni ya herufi 8, CTACCTCA, ile A ya mwisho inakaa mkabala na herufi ya 1 ya maikroRNA. Cha kufurahisha hiyo A inasaidia hata kama herufi ya 1 ya maikroRNA haipatani nayo, kwasababu anayeishika siyo maikroRNA, ni protini ya Argonaute yenyewe, ile inayobeba maikroRNA, ina kimfuko chake cha A. Inayofuata ni ile uliyokuwa unaitaka wewe, CTACCTC bila A, wanaiita 7mer-m8. Halafu TACCTCA, hiyo ni 7mer-A1. Mwisho kabisa TACCTC ya herufi 6, ambayo mimi huwa naiweka kwenye databesi ila siiamini mpaka ije na shahidi. Kwenye jedwali lako weka safu ya aina, na skripti ianze kutafuta ya 8 kwanza kisha ishuke, la sivyo eneo moja litaandikwa mara nne, maana kila CTACCTCA ina hizo nyingine zote tumboni.

La mamilioni ya mistari sasa. Piga hesabu na mimi. Herufi ziko 4, kwahiyo neno la herufi 7 kwa bahati tu linajitokeza mara moja kila herufi 16,384. Chukua jeni 20,000, kila moja ipe UTR ya herufi 1,000 kwa makadirio, unapata herufi milioni 20. Gawanya. Kila maikroRNA inapata maeneo kama 1,220 ya bure kabisa, ya bahati nasibu, hata kama maumbile hayakuyakusudia. Toleo la 22 la miRBase lina maikroRNA komavu za binadamu 2,654. Zidisha hapo, umeshavuka milioni 3 na hujaanza kuhesabu za herufi 6, ambazo zenyewe zinatokea kila herufi 4,096. Kwahiyo databesi yako haijaharibika mkuu, genomu ndo iko hivyo.

Na kitu kingine ambacho watu hawapendi kusikia, siyo kila kilichomo miRBase ni maikroRNA kweli. Nyingi ziliingizwa enzi za kila mtu kusoma RNA ndogo kwa mashine mpya, ushahidi wenyewe mwembamba. Kuna MirGeneDB, hao wanachuja kwa mkono na orodha yao ya binadamu ni fupi mno ukilinganisha. Weka safu inayosema hii imo MirGeneDB au haimo. Jedwali litapumua.

shusha_unganisha

Sioni kwanini mnajitesa hivi. Shusha matokeo ya TargetScan, ya miRanda, ya PicTar, ya RNAhybrid na ya DIANA, unganisha, chukua yale yanayotokea kwenye zote tano, umemaliza, nenda kalale. Mimi ndivyo nilivyofanya na kazi ilipita.

FundiUzi

Kupita na kuwa sahihi ni vitu viwili ndugu yangu 😀

Siyo ubishi, ila fikiria. Karibu zote hizo zinaanza na ileile mbegu, na kadhaa kati yake zinaongeza kigezo kilekile cha kuangalia kama eneo limehifadhiwa kwenye wanyama wengine. Kwahiyo ukisema tano zimekubaliana ni kama mashahidi watano ambao wote wamesimuliwa na mtu mmoja. Unaishia na orodha inayopendelea maeneo ya zamani kwenye UTR zilizosomwa sana, na yale mapya au yasiyo ya kawaida unayatupa yote. Isitoshe zimetengenezwa kwa matoleo tofauti ya UTR, moja inatumia toleo la genomu GRCh37 nyingine GRCh38, kwahiyo kuna maeneo yanakosekana kwenye makutano siyo kwasababu programu imeyakataa, ni kwasababu UTR hiyo haikuwemo kwenye faili yake.

Halafu jamaa kasema UTR zake ni fupi. Kuunganisha orodha za watu hakumsaidii hata kidogo.

shusha_unganisha

Hapo kwenye UTR fupi nimekusoma. Hayo mengine tutabishana siku nyingine.

Dada_Jedwali

Mimi ni wa upande wa databesi, jeni nimejifunzia kazini kwa kulazimishwa. MwanaBio22 kaka, hiyo safu ya ndiyo/hapana ndo adui yako mkubwa, ifute leo.

Sababu ni kwamba "ndiyo" inachanganya vitu vitatu ambavyo havifanani. Cha kwanza ni kwamba mfuatano upo, hiki ni suala la herufi tu na hakibadiliki. Cha pili ni kwamba kuna mtu kapima maabara akaona kitu, na hapo kuna nani, lini, kwa njia gani, kwenye seli zipi. Cha tatu ni kwamba kwenye seli zako wewe hicho kipande cha UTR kipo. Ukivigandamiza vitatu kwenye neno moja hutaweza kuvitenganisha tena, na mwaka kesho ukija kuulizwa hii "ndiyo" ilitoka wapi utabaki unaangalia dari.

Kwahiyo nafanya hivi. Jedwali la maeneo linabeba mahali tu: kromosomu, mwanzo, mwisho, uzi, aina ya eneo, na familia ya mbegu. Nasema familia na siyo jina la maikroRNA, kwasababu let-7a, let-7b, let-7c mpaka let-7i na miR-98 zote zina mbegu moja, kwahiyo eneo moja ukiliandika kwa majina unalirudia mara tisa bila sababu. MaikroRNA zinakaa kwenye jedwali lao na kila moja inaelekeza familia yake. Ushahidi unakaa kwenye jedwali lake, eneo moja linaweza kuwa na ushahidi kumi au lisiwe nao kabisa, na weka nafasi ya ushahidi wa kukanusha pia, mtu akipima asione kitu hiyo nayo ni habari. Transkripti, yaani nakala mbalimbali za RNA za jeni moja, zina jedwali lao na kati yake na maeneo kuna jedwali la kuunganisha, maana jeni moja kwenye Ensembl ina transkripti kibao zinazoshiriki UTR ileile, na nadhani hayo ndo mamilioni yako mengine.

Na sasa kile kilichokuleta hapa. Usifute maeneo ambayo kwenye seli zako hayapo. Tengeneza jedwali dogo lenye jeni, aina ya seli, na mahali UTR inapoishia kwenye seli hizo. Halafu swali lenyewe ndo linaamua, nipe maeneo ya jeni hii yaliyo kabla ya mwisho huu. Kesho ukileta seli nyingine unaongeza mistari kwenye hilo jedwali dogo, jedwali kubwa huligusi.

Mambo yatakayokutoa machozi, nayajua kwasababu yamenitoa. Faili za maeneo ya genomu za aina ya BED zinaanza kuhesabu 0 na namba ya mwisho haimo ndani, za GTF zinaanza 1 na ya mwisho imo. Chagua mfumo mmoja, andika kwenye maelezo ya jedwali kwa herufi kubwa, na kila faili inayoingia igeuze mlangoni. Ukikosea kwa herufi 1 hakuna kitakacholalamika, databesi itakubali kila kitu kwa heshima, ila aina zako za herufi 8 zitageuka za 7 na hutajua kwanini.

Majina ya maikroRNA usiyafanye kuwa ufunguo. Yanabadilika. Zamani uzi mdogo uliwekewa kinyota mwishoni, sasa zinaandikwa -5p na -3p, na makala za zamani zinasema miR-21 tu bila kusema upande. Tumia namba ya MIMAT ya miRBase, hsa-miR-21-5p ni MIMAT0000076 na hsa-let-7a-5p ni MIMAT0000062, jina liwe pambo la kusomea. Mstari wowote unaotoka nje uwe na chanzo na toleo lake.

Indeksi: kromosomu na mwanzo kwa pamoja, na nyingine ya familia. SQLite inakutosha kabisa kama unaisoma peke yako. Ukianza kulinganisha maeneo yako na maelfu ya vipande vya CLIP (njia ya maabara ya kuona protini imeshika RNA wapi), kutafuta yanayopishana, hapo PostgreSQL yenye aina za masafa na indeksi ya GiST inakuwa rafiki, ama tumia R-tree ya SQLite yenyewe.

mkono_wa_pipeti

Niongezee upande wa maabara maana naona mnazungumzia ushahidi kama ni kitu kimoja.

Dada_Jedwali kasema njia gani na seli zipi, nasisitiza hapo hapo. Jaribio la lusiferasi, unaweka UTR nyuma ya jeni ya kutoa mwanga, unaharibu herufi kadhaa za eneo, mwanga ukirudi umeonyesha kwamba eneo lile lile ndo linafanya kazi. Huo ni ushahidi wa eneo. Ila ukiongeza maikroRNA kwenye seli ukaona protini imepungua kwenye blot (kipimo cha kiasi cha protini), hapo umeonyesha jeni imeathirika, hujaonyesha wapi, na inawezekana hata haikuguswa moja kwa moja, ilipungua kwasababu jirani yake alipungua. Makala nyingi zina hili la pili tu na databesi zinaliandika sawa na la kwanza. Kwahiyo ushahidi mwingine unaunganishwa na eneo na mwingine unaunganishwa na jeni tu, jedwali lako liruhusu yote mawili.

CLIP nayo ina mtego. HITS-CLIP ya mwaka 2009 na PAR-CLIP ya 2010 zinakuambia Argonaute ilikuwa imekaa wapi. Haziambii ilikuwa imebeba maikroRNA ipi! Hilo watu wanalibuni baadaye kwa kuangalia mbegu gani ipo chini ya kilima (pale usomaji uliporundikana), kwahiyo ukitumia CLIP kuthibitisha mbegu na mbegu kutafsiri CLIP unazunguka mlemle. CLASH ya 2013 ni tofauti, wao waliunganisha maikroRNA na shabaha yake kuwa RNA moja kabla ya kusoma, unaona wote wawili kwenye usomaji mmoja. Hayo ni machache ila ni ya dhahabu, na mengi yalikuwa hayana mbegu kamili, hapo ndo ujue skripti yako ina upofu. Hata zile za mwanzo kabisa kwenye mnyoo C. elegans, let-7 inavyoshika lin-41, maeneo yote mawili yana kasoro kwenye mbegu. Kiskripti chako kingeyaruka na ndo ya kwenye vitabu hayo.

Halafu seli. PAR-CLIP ile na CLASH zilifanyika kwenye HEK293, aina ya seli za binadamu zinazokuzwa maabara. miR-122 ni ya ini. Ukikuta eneo la miR-122 halina ushahidi wowote wa HEK293 usiandike limekanushwa, mwenye kushika hakuwepo nyumbani.

Na usitegemee makubwa. Vipimo vya protini nyingi kwa pamoja vya 2008 vilionyesha maikroRNA moja kwa kawaida inapunguza protini ya shabaha yake kwa kiasi kidogo, chini ya mara 2 kwa nyingi. Nasema hivi kwasababu kuna watu wakiona eneo la herufi 8 wanadhani jeni imezimwa kama taa. Weka safu ya kiasi, siyo ya imezimwa.

kibonzo_wa_lab

Hilo la mwenye kushika hakuwepo nyumbani nimelielewa. Kiti nakisogeza karibu.

MwanaBio22

Wakuu sijui niwashukuruje. Nimekaa na hii kitu wikiendi nzima.

Nimegeuza mbegu, nikaanza na za herufi 8 kushuka kama FundiUzi alivyosema, na HMGA2 imenipa 7 za herufi 7 na 8! Nilipiga kelele peke yangu. Nikasoma zaidi nikakuta kuna uvimbe ambao kromosomu zake zimekatika mle kwenye HMGA2 na ile UTR imepotea, let-7 inakosa pa kushika na protini inazidi, yaani ndo tatizo langu la UTR fupi lilelile ila kwa njia ya ukatili zaidi. Pia nimekuta kazi ya 2008 inayosema seli zinapoanza kugawanyika kwa kasi zinafupisha UTR zao, na seli zangu zinagawanyika hasa, kwahiyo hilo jedwali dogo la Dada_Jedwali nimelijenga la kwanza kabla ya mengine yote.

Ndiyo/hapana nimefuta. Familia za mbegu zimepunguza jedwali kwa namna ambayo sikutegemea.

Ila nimekwama pengine. Maeneo kwenye jeni kama HMGA2, PTEN na PDCD4 nikiyachukua kwa namba za genomu na kwenda kuangalia mfuatano yanakaa sawasawa. Nikienda KRAS naletewa herufi za ajabu kabisa, hazina hata harufu ya CTACCTC. Na kuna jeni zingine chache maeneo yanaonekana yana urefu wa maelfu ya herufi, eneo la herufi 8 linawezaje kuwa refu hivyo jamani?

Dada_Jedwali

Hongera kwa HMGA2.

KRAS iko kwenye uzi wa kinyume, hizo tatu nyingine ziko kwenye uzi wa mbele, ndo maana. UTR kutoka Ensembl inakuja imeshageuzwa kufuata usomaji wa jeni, kwahiyo herufi ya kwanza ya UTR kwenye jeni kama KRAS ina namba kubwa kuliko zote kwenye genomu. Wewe nadhani unachukua mwanzo wa UTR unajumlisha. Kwenye uzi wa kinyume unachukua mwisho unatoa, na ukienda kuangalia genomu utakuta imeandikwa GAGGTAG, ile uliyokuwa unaitafuta siku ya kwanza 😀 Usiogope, iko sahihi.

Hayo marefu ni UTR zenye introni (kipande kinachokatwa na kutolewa kwenye RNA) katikati. Nyingi UTR yote inakaa kwenye eksoni (kipande kinachobaki) ya mwisho ila siyo zote, na eneo likiangukia kwenye mshono, herufi 3 zinakuwa eksoni hii na 5 eksoni inayofuata, mwanzo na mwisho ukiviandika kwenye mstari mmoja unameza introni nzima. Weka namba za kwenye transkripti kama ndo asili, na za genomu ziende kwenye jedwali la vipande ambapo eneo moja linaweza kuwa na vipande viwili.

FundiUzi

Naongezea kidogo ukiwa unazipanga kwa ubora. Usikimbilie kuweka alama moja ya jumla. Weka safu za vitu ghafi: umbali kutoka kwenye kodoni ya kusimama (pale usomaji wa protini unapoishia), maana maeneo yaliyo ndani ya herufi kama 15 za mwanzo huwa dhaifu, ribosomu inapita hapo. Uwingi wa A na U pembeni. Ukaribu na ncha za UTR, katikati ya UTR ndefu ni kubaya. Na umbali kati ya maeneo mawili, yakiwa karibu kiasi cha herufi 8 mpaka 40 yanasaidiana. Hiyo ya kuhifadhiwa kwa wanyama wengine nayo iwe namba, isiwe chujio. Na ukibadilisha UTR kuwa fupi kumbuka ncha imehama, eneo lililokuwa katikati sasa liko mwishoni, kwahiyo hizo namba za umbali zikokotoe upya kwa kila aina ya seli, usizigandishe kwenye jedwali la maeneo.

MwanaBio22

Hiyo ya mwisho sikuiwazia kabisa, nilikuwa nimeshazigandisha. Narudi kufuta.

KRAS imekaa sawa sasa. Swali dogo la mwisho, msimamizi wangu anataka nimtumie orodha kwenye Excel, nimefungua nakuta kuna jeni zimegeuka tarehe, hii nayo ni mimi au?

Dada_Jedwali

Siyo wewe. SEPT2 na MARCH1 Excel inadhani ni Septemba na Machi, mpaka wahusika wa majina ya jeni walichoka, mwaka 2020 wakazibadilisha, sasa ni SEPTIN2 na MARCHF1. Ukiona bado una majina ya zamani maana yake faili yako moja ni ya zamani, tafuta ipi, na mpe msimamizi orodha yenye namba za Ensembl kwenye safu ya kwanza. Halafu ile ya vipande viwili hujasema kama umeifanya.